Msitupe kadi za wagonjwa kabla ya wakati

Shangazi yangu anaishi Kawangware, na kwa muda wa miaka saba alitibiwa shinikizo la damu katika zahanati moja ya kibinafsi upande huo wa magharibi mwa jiji la Nairobi. Kila alipofika alikabidhiwa kadi yake ya manjano, iliyochakaa pembeni na kuongezwa kurasa kwa pini, akaingia nayo kwa daktari. Katika ukurasa wa kwanza muuguzi mmoja alikuwa ameandika kwa wino mwekundu kwamba mgonjwa huyu asipewe tena dawa iitwayo enalapril, kwa kuwa ilimvimbisha midomo.

Kisha zahanati ikanunua tarakilishi. Kuta zilipakwa rangi, kaunta mpya ikajengwa, na kadi zote zikatiwa magunia na kupelekwa ghalani. Nilimsindikiza shangazi katika juma hilo la kwanza. Binti aliyeketi kwenye kaunta alimwuliza jina, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu, akachapa kwa kidole kimoja, kisha akasema, "Mama, jina lako halimo humu." Shangazi alimjibu kwa upole kwamba amekuwa mgonjwa wao tangu binti huyo akivaa sare za shule. Haikusaidia kitu. Alisajiliwa kama mgeni, na daktari, kijana aliyeajiriwa karibuni, akamwona kwenye skrini bibi wa miaka 63 asiyekuwa na historia yoyote. Kwa haki yake, daktari aliuliza kama ipo dawa inayomdhuru.

"Ipo moja, mwanangu," shangazi akasema, "lakini jina lake mliliandika kwenye kadi."

Foleni ilikuwa ndefu. Dawa aliyoandikiwa ilikuwa ile ile, na mimi ndiye niliyeipokea dirishani, mimi mwenye shahada mbili, bila kusoma zaidi ya idadi ya tembe. Usiku wa tatu midomo na ulimi vilimvimba hata akashindwa kutamka neno. Tulimkimbiza hospitali nyingine kwa teksi, akaokolewa.

Nilipomwendea mwenye zahanati baadaye hakunificha kitu. Muuzaji wa programu alikuwa amemwahidi kwamba kazi yote ingekwisha kwa siku moja. Kunakili kadi za miaka iliyopita kulihitaji makarani wa miezi kadhaa, na gharama yake ilikaribia bei ya programu yenyewe. Jambo hilo halikuwamo katika mkataba. Kwa hivyo akaona aokoe pesa hapo.

Sisimulii haya kwa kuichukia tarakilishi. Kadi nazo huliwa na panya, hulowa mvua, hupotea, na aghalabu huandikwa kwa mwandiko usiosomeka hata na aliyeuandika. Ninalodai ni kwamba makosa ya ghali katika jambo hili hutendeka mapema, kabla hata mashine haijaunganishwa na stima. Hutendwa mezani, na watu ambao hawatasimama kwenye kaunta siku ya kwanza. Anayelipa ni yule aliye kwenye foleni.

Kutoka Kawangware hadi Afya House, makao makuu ya Wizara ya Afya katika barabara ya Cathedral, ni safari ya matatu moja ya nambari 46 na hatua kadhaa za miguu. Itakumbukwa kwamba tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua mahali pa NHIF, bima iliyokuwako tangu mwaka 1966. Lililobadilika siku hiyo halikuwa jina tu. Sheria ilikuwa mpya, viwango vya malipo vilikuwa vipya, na mtambo wa kusajili wanachama na kulipa hospitali ulikuwa mpya vilevile, kwa nchi nzima kwa mpigo mmoja. Julai ya mwaka huo Mahakama Kuu ilikuwa imetangaza sheria zenyewe kuwa kinyume cha Katiba, hadi Mahakama ya Rufaa ilipoziruhusu ziendelee mnamo Septemba. Yaani majuma machache kabla ya kuanza, hapakuwa na uhakika kama kungekuwa na kuanza.

Katika siku za kwanza wagonjwa wa figo na wa saratani walikwama. Mtu anayesafishwa damu mara mbili kwa juma hawezi kuambiwa arudi mtambo utakapotengemaa. Waliokuwa na pesa walilipa taslimu; wengine walikopa au walirudi nyumbani.

Halafu ukazuka mgogoro wa nambari ya siri, ambayo mgonjwa alitumiwa kwa simu ili athibitishe kwamba ni yeye anayetibiwa. Kwa mtu aliyebuni utaratibu huo, bila shaka kila Mkenya ana simu yake, yenye chaji, mkononi mwake. Lakini anayeijua Kangemi au Riruta anajua simu ya nyumba inayokwenda kazini na baba, na laini iliyopotea wakati wa kuhama. Mwaka 2025 Wizara ilianza kuhamia utambulisho wa alama za vidole. Ni hatua ya maana dhidi ya wizi, ingawa ningependa kujua ni nani aliyewaza juu ya mchonga mawe na mama afuaye nguo za watu, ambao kazi imewafuta alama hizo.

Walimu wenzangu hawahitaji kuelezwa sana. Waliiona NEMIS ilipoingia shuleni mwaka 2017: mtoto aketiye darasani, anayeitikia jina lake kila asubuhi, hakuwepo mbele ya serikali kwa kuwa hakuwa na cheti cha kuzaliwa, na shule ikakosa pesa zake. Mwalimu mkuu alijua tatizo hilo kabla ya siku ya kwanza. Hakuulizwa. Na sasa walimu wenyewe wanatibiwa kupitia SHA, walikohamishiwa Desemba 2025.

Liko pia suala la umiliki, nalo ndilo linaloninyima usingizi kuliko bei. Machi 2025 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, alieleza katika ripoti yake kwamba mfumo huo wa SHA, wa shilingi bilioni 104.8, si mali ya serikali. Umiliki wake na haki za ubunifu wake zimo mikononi mwa muungano wa kampuni zilizouleta. Serikali ilijitetea kwamba haikutoa fedha hizo kwa mkupuo, bali hulipia huduma kadiri inavyotumika katika kipindi cha miaka 10. Utetezi huo una mantiki yake. Mtu asiye na fedha za kujenga hupanga nyumba. Lakini mpangaji akifukuzwa huondoka na kitanda chake, na hapa kitanda ni maradhi yetu, majina ya watoto wetu na matokeo ya vipimo tusivyowaambia hata waume na wake zetu. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023 inaihesabu data ya afya kuwa rasilimali ya taifa. Rasilimali ya taifa iliyo ndani ya sanduku la mtu mwingine ni jambo la kuulizia ufunguo kabla ya kutia sahihi.

Si kwamba tulikosa mfano wa nyumbani. Februari 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianzisha mfumo wa rekodi za wagonjwa. Kituo kimoja tu. Tarakilishi mbili, pamoja na betri ya nguvu za jua kwa sababu stima ya huko haikutegemeka. Kabla ya kuanza waliwafuata wagonjwa na wahudumu wakiwa na saa, wakaandika kila dakika inavyotumika, na baada ya mfumo kuanza wakarudia zoezi lile lile. Waligundua kwamba muda wa mgonjwa kituoni ulipungua kwa asilimia 22. Waligundua pia kwamba wahudumu walizungumza na wagonjwa kwa takriban nusu tu ya muda wa awali, nao wakalichapisha hilo bila kulifunika. Sijui ni ofisi ngapi za leo zingethubutu.

Kutokana na kazi hiyo ya Mosoriot, mwaka 2004 ilianza kutengenezwa OpenMRS, programu isiyofungiwa na kampuni yoyote, ambayo yeyote aweza kuitumia na kuirekebisha. KenyaEMR, iliyoingia katika kliniki zetu za virusi vya Ukimwi kuanzia mwaka 2012, imejengwa juu yake. Nchi tajiri zimepita njia nyingine zikaungua. Uingereza ilianza mwaka 2002 mpango mkubwa wa kuunganisha rekodi za hospitali zake kutoka juu kwenda chini, ikatangaza kuuvunja mwaka 2011, na miaka miwili baadaye kamati ya Bunge ikataja gharama ya karibu pauni bilioni 10. Madaktari walikuwa wamelalamika tangu mapema kwamba hawakushauriwa.

Mwenye zahanati ya Kawangware hatimaye aliajiri vijana wawili wa kunakili kadi, akawaagiza waanze na wagonjwa wa kudumu: wa shinikizo la damu, kisukari, pumu na kifafa. Magunia hayajaisha. Kadi ya shangazi ilipatikana katika gunia la nne, kona moja imetafunwa, wino mwekundu ungali unasomeka.

Yeye hakungoja. Alinunua daftari la shule la kurasa 48, akamwomba mjukuu wake wa darasa la nane amwandikie humo kila dawa na kila kipimo, na jina la enalapril kwa herufi kubwa kwenye jalada. Juma lililopita nilimsindikiza tena. Binti wa kaunta alimsalimu kwa jina na kumpata kwenye skrini mara moja. Shangazi hata hivyo alilichomoa daftari kutoka kwenye mkoba, akaliweka mbele ya daktari, naye akalifungua, akasoma kwa makini, kisha akaanza kuchapa.