Safari ya ndege ya dakika mbili

Njia kuu ya kurukia ndege katika Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ina urefu wa zaidi ya kilomita 4. Je, msomaji, wajua kwamba iko safari nzima ya ndege, yenye tiketi, ratiba na rubani, ambayo haifikii urefu huo?

Safari yenyewe ni ya kutoka kisiwa cha Westray hadi Papa Westray, katika visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Scotland. Viwanja hivyo viwili vidogo vimetengana kwa kilomita 2.7 tu. Ratiba huipa ndege dakika mbili, na upepo ukiwa mwema huvuka hata kabla ya dakika moja kwisha. Rubani Stuart Linklater, aliyestaafu mwaka wa 2013, aliwahi kuvuka kwa sekunde 53. Shirika la Loganair lilianzisha safari hiyo mwaka wa 1967, nayo hutambuliwa kuwa safari fupi zaidi ya abiria duniani.

Haya, mwanafunzi, shika kalamu. Kilomita 2.7 kwa dakika mbili ni mwendo wa kilomita 81 kwa saa, karibu sawa na kilomita 80 ambazo matatu zetu haziruhusiwi kupita! Lakini ukitumia zile sekunde 53, utapata kilomita 183 kwa saa. Kwa nini tofauti kubwa hivyo?

Jibu ni kwamba muda wa ratiba si wa kukata mawingu peke yake. Ndani yake mna kutambaa uwanjani, kugeuka, kupaa na kutua. Katika safari ndefu, dakika hizo humezwa na kilomita nyingi. Katika safari fupi, ndizo karibu safari yote. Ndege hiyo ndogo ya injini mbili, inayochukua abiria wanane, huanza kushuka kabla haijashika kasi yake kamili.

Aidha, umbali wa angani si umbali wa barabarani. Hapa kwetu, kutoka Malindi hadi uwanja wa Manda, Lamu, ni kama kilomita 140 kwa mstari ulionyooka. Anayepanda basi hupitia Garsen na Witu, akaenda zaidi ya kilomita 200 hadi Mokowe, kisha bado atafute mashua.

Huenda ukauliza, mbona watu wa Papa Westray wasipande mashua nao? Hupanda, na bahari ikitulia huvuka kwa dakika kama 25. Lakini bahari ya kaskazini wakati wa baridi haina urafiki, na kisiwa hicho kina watu wasiozidi 100 hivi. Walimu, madaktari, wagonjwa na wanafunzi huitegemea ndege hiyo, na ndiyo sababu baraza la visiwa vya Orkney huitolea ruzuku. Hesabu ya faida pekee ingalifuatwa, huenda ingalisimamishwa zamani.

Basi mzazi, mtoto akikuuliza ni umbali gani kutoka mji mmoja hadi mwingine, usimtajie kilomita tu. Mwambie pia anasafiri kwa chombo gani, anapita wapi, na atangoja muda gani kabla ya kuondoka.