Kwa Nini Sigara Haiachiki kwa Urahisi

Nikotini, kemikali ya asili iliyomo katika jani la tumbaku, hupita mapafuni pamoja na moshi, huingia katika damu na kufika kwenye ubongo kwa muda wa sekunde 10 hadi 20. Huko hunasa kwenye vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe wa kikemikali, na kuchochea dopamini, ambayo humpa mtu hisia ya kuridhika na kumzoesha kurudia kilichomridhisha. Vipokezi hivyo huongezeka kadiri mtu anavyovuta, na kwa kuwa nusu ya nikotini huondoka katika damu baada ya saa 2 hivi, mvutaji wa siku nyingi huwasha sigara nyingine si kwa starehe bali ili asijisikie vibaya.

Hali hiyo, ambayo mitaani huitwa arosto, huja na hasira, njaa, kukosa usingizi na akili kutotulia, hufikia kilele siku ya 2 au ya 3 baada ya kuacha, kisha hufifia katika wiki chache. Kati ya kila watu 100 wanaojaribu kuacha bila msaada, ni 3 hadi 5 tu wanaodumu miezi 6 au zaidi, kwa hiyo ni dhuluma kuwaita wanaoshindwa watu wasio na msimamo. Tena hata arosto ikiisha, mazoea hubaki: kahawa ya asubuhi, kijiwe cha jioni, na hasa kibanda kinachouza sigara moja moja, chenye kiberiti cha gesi kilichoning'inizwa kwa uzi dirishani, ambako aliyeapa kutonunua tena pakiti hujikuta anawasha moja tu.

Msaada upo. Vibandiko vya ngozi na ubani wa kutafuna wenye nikotini, vilivyoingizwa mwaka 2009 katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, hutuliza hamu bila moshi, na moshi ndio wenye kemikali zaidi ya 7,000, zikiwamo zinazosababisha saratani. Inasikitisha kwamba sigara hupatikana kila kona, ilhali dawa hizi ni adimu na ghali. Mhudumu wa afya anayetaka kujua nani anazihitaji zaidi huanza na swali jepesi: baada ya kuamka, sigara ya kwanza huwashwa lini? Anayewasha kabla ya dakika 30 kupita ana uraibu mzito, na ushauri peke yake haumtoshi.