Kichakataji na Mazabodi: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kupandisha Mapigo ya Kompyuta ya Nyumbani

Muhula uliopita wanafunzi wawili wa shahada ya uzamili walinijia ofisini na swali ambalo halimo katika mtaala wetu. Kompyuta zao za nyumbani zilikuwa zimezeeka. Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine zao hazikukubali Windows 11. Wakati huohuo walikuwa na saa nyingi za mahojiano waliyorekodi Kisenyi, ambako vinu vya unga havinyamazi, kwa hiyo kila faili lilihitaji kusafishwa kelele kabla ya kunukuliwa. Walisikia kwamba mtu anaweza kununua kichakataji na mazabodi, akapandisha mapigo, akapata kompyuta ya kasi kwa bei ndogo. Je, ni kweli? Nikawaambia ni kweli nusu, na kwamba nusu ya pili nimeilipia kwa fedha yangu. Makala haya yanaeleza nusu zote mbili.

Tuanze na istilahi, kwa kuwa sisi ni watu wa lugha na tusipokubaliana majina hatutaelewana. Kiungo kinachofanya hesabu zote ndani ya kompyuta nitakiita kichakataji; mafundi husema prosesa, na si kosa. Ubao mkubwa unaobeba kichakataji, kumbukumbu na viungo vingine umepewa majina mengi: ubao mama, bodi mama, ubao mkuu. Dukani ukisema “ubao mama” utatazamwa kama mtu aliyetoka kwenye harusi. Sema mazabodi. Tuna desturi ya kugombania tarakilishi, ngamizi na kompyuta, na watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 walikumbana na ugomvi huo katika kila menyu. Lakini fundi ameshaamua zamani, na mara nyingi kamusi humfuata yeye.

Sasa, mapigo. Kichakataji hufanya kazi kwa kufuata saa ya ndani inayopiga mamilioni au mabilioni ya mapigo kwa sekunde. Mapigo hayo hupatikana kwa kuzidisha namba mbili: mapigo ya msingi, ambayo hutoka kwenye mazabodi, na kizidishi, ambacho kimo ndani ya kichakataji. Siku hizi mapigo ya msingi huwa megahezi 100. Kizidishi kikiwa 36, unapata megahezi 3,600, yaani gigahezi 3.6. Kupandisha mapigo ni kubadilisha mojawapo ya namba hizo mbili ili jibu lizidi lile lililowekwa kiwandani.

Mfano unaokumbukwa na wengi ni Celeron 300A ya Intel, ya mwaka 1998. Kizidishi chake kilikuwa 4.5 na mapigo ya msingi megahezi 66, jumla 300. Wajanja waligundua kwamba ukiiambia mazabodi itoe mapigo ya msingi 100, kichakataji hicho cha bei ya chini kilifika megahezi 450 na mara nyingi kilitulia humo. Sifa ya ufundi huu ilianzia kwenye vichakataji vya namna hiyo, na ndiyo sifa ambayo wanafunzi wangu walikuwa wameisikia, ingawa wao hawakuwa wamezaliwa.

Mambo yamebadilika tangu hapo. Intel hufunga kizidishi katika vichakataji vyake vingi. Vinavyofunguliwa kwa kawaida huwa na herufi K mwishoni mwa jina, kama i5-2500K ya mwaka 2011 au i7-8700K ya mwaka 2017. Hata ukiwa na K, unahitaji mazabodi yenye chipu ya daraja la Z, kama Z170 au Z370. Ukikipandika juu ya mazabodi ya daraja la H au B kitafanya kazi, ila kizidishi hutakigusa. Kwa upande wa AMD, karibu vichakataji vyote vya Ryzen vimefunguliwa, na mazabodi za daraja la B na X huruhusu kupandisha; zile za A320 na A520 haziruhusu. Kompyuta za ofisini zinazouzwa mitumba, akina Dell OptiPlex na HP EliteDesk, zisahau kabisa kwa kazi hii. BIOS zake hazina mlango huo, na baadhi hutumia plagi za umeme za namna yake zenyewe, hivyo huwezi hata kubadilisha pawasaplai bila adapta.

Hapa ndipo nilipolipia karo yangu. Nilikuwa na mazabodi ya Z170 niliyopewa na ndugu yangu. Muuzaji mmoja mjini, ambaye sitamtaja, aliniuzia i7-8700K iliyotumika akinihakikishia kwamba “soketi ni ileile, 1151”. Soketi kweli ilikuwa 1151. Nilibeba vitu vyangu hadi kwa fundi wangu Kisenyi, kijana Msomali aliyekulia Eastleigh na anayezungumza Kiswahili cha Nairobi kinachonifanya nijihisi mzee. Akavitazama, akacheka kwa heshima.

“Mwalimu, hii haitaki hiyo.”

“Lakini namba ni moja, kijana wangu.”

“Namba ni moja. Maana si moja.”

Nimefundisha homonimu kwa miaka mingi, kaa la moto na kaa wa baharini, lakini sikutegemea kukutana nazo kwenye mazabodi. Intel ilitumia jina 1151 kwa vizazi vya 6 na 7 juu ya mazabodi za mfululizo wa 100 na 200, halafu mwaka 2017 ikalitumia tena kwa kizazi cha 8 juu ya mfululizo wa 300, ikiwa imebadilisha kazi za baadhi ya pini. Kichakataji kinaingia shimoni bila shida yoyote. Kompyuta haiwaki. Muuzaji alikataa kukirudisha, na shilingi 400,000 zikalala ndani ya droo.

Kwa hiyo usiulize soketi peke yake. Tafuta jina kamili la mazabodi, ambalo huchapwa juu ya ubao wenyewe, kisha ufungue orodha ya vichakataji katika tovuti ya mtengenezaji wake. Orodha hiyo pia hutaja toleo la BIOS linalotakiwa, na huo ndio mtego wa pili. Soketi ya AM4 ya AMD imesifiwa kwa kudumu muda mrefu, na mazabodi ya B450 ya mwaka 2018 inaweza kubeba Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022, lakini si kwa BIOS iliyotoka nayo kiwandani. Kama muuzaji hajaisasisha, itakubidi uazime kichakataji cha zamani ili uiamshe kwanza. Mwambie aiwashe mbele yako kabla hujatoa hela.

Mtego wa tatu ni pini. Katika mazabodi za Intel pini zimo ndani ya soketi ya ubao. Katika AM4 zimo chini ya kichakataji. Ukinunua kitu kilichotumika, chukua tochi ya simu na uziangalie kwa upande. Safu inapaswa kunyooka kama mistari ya daftari. Iliyopinda moja tu yatosha kukupotezea nusu ya kumbukumbu au kila kitu.

Halafu kuna joto, na hapa nitakaa kidogo. Umeme unaoliwa na kichakataji hukua sawia na mapigo, lakini hukua kwa mraba wa volti. Na ili mapigo ya juu yatulie, kwa kawaida lazima uongeze volti. Tuchukue i5-2500K: gigahezi 3.3, wati 95. Tuseme ilikuwa ikitumia volti 1.2 nawe ukaipandisha hadi gigahezi 4.5 kwa volti 1.35. Mapigo yamekua mara 1.36, mraba wa volti umekua mara 1.27. Zidisha, unapata mara 1.73, yaani wati 95 zimekuwa kama 164. Kasi imeongezeka kwa theluthi na ushei, joto limeongezeka kwa karibu robo tatu. Joto hilo halikiumizi kichakataji peke yake. Vidhibiti volti vilivyo kando ya soketi ndivyo vinavyobeba mzigo, na katika mazabodi za bei rahisi huwa vichache na hawavikwi hata kipande cha bati la kupoza. Ukitaka kujua kama mazabodi inafaa kupandisha mapigo, usitazame rangi na taa. Tazama kama vidhibiti hivyo vimefunikwa.

Kwa wakazi wa Kisenyi kuna nyongeza ambayo hamtaisoma katika vitabu vya Marekani: vumbi la unga. Nililikuta limeganda kwenye feni yangu kama uji uliokauka. Hewa haipiti, joto linapanda. Brashi ya rangi na nusu saa kila mwezi hutosha.

Lakini hasara kubwa haikuwa fedha. Kabla ya mkasa wa 1151 nilikuwa na kompyuta nyingine, ambayo mpwa wangu aliipandisha mapigo akaiacha ikionekana nzima. Iliwaka vizuri, iliandika barua vizuri. Nilihamishia humo mahojiano ya mzee mmoja aliyenisimulia jinsi Kiswahili kilivyotumika sokoni na kambini, kisha nikakifuta kinasasauti ili nikitumie tena. Wiki mbili baadaye nilipofungua faili, dakika 40 za mwisho zilikuwa mlio mtupu. Mzee yule ameshafariki.

Sababu ni hii. Kompyuta iliyopandishwa kupita uwezo wake si lazima izime. Inaweza kukosea tarakimu moja katika mabilioni, na tarakimu hiyo ikiwa ndani ya kumbukumbu wakati faili linanakiliwa, kosa huandikwa diskini kama kwamba ni ukweli. Hakuna onyo. Ndiyo maana baada ya kubadilisha chochote unapaswa kuendesha Memtest86 usiku kucha kwa ajili ya kumbukumbu, na Prime95 kwa saa kadhaa kwa ajili ya kichakataji. Kosa moja likitokea, rudisha namba chini. Na rekodi ya asili isifutwe mpaka nakala ya pili iwe kwenye diski nyingine, nawe umeisikiliza mpaka mwisho.

Je, wanafunzi wale wanunue nini? Kama wanataka Windows 11, orodha ya Microsoft kwa jumla huanzia kizazi cha 8 cha Intel na Ryzen za mfululizo wa 2000. Hata i7-7700K, shujaa wa mwaka 2017, hayumo. Niliwashauri wafanye kama nilivyofanya mimi hatimaye: B450 iliyotumika, Ryzen 5 5600, na kumbukumbu mbili za gigabaiti 8 za DDR4 3200. Ndani ya BIOS washa chaguo liitwalo XMP. Bila hilo, kumbukumbu uliyoilipia kwa kasi ya 3200 hujiendesha kwa 2133 au 2400, na watu wengi hukaa nayo hivyo miaka yote.

Faili la mahojiano lililokuwa likichukua karibu saa tatu kusafishwa kwenye kompyuta yangu ya zamani ya kizazi cha 4 lilichukua dakika 52. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeahidi makala, nikapandisha mapigo. Kichakataji hicho hujipandisha chenyewe hadi gigahezi 4.4 kikiona nafasi; mimi nilikifikisha 4.6. Feni ililia kuliko kinu cha jirani. Faili lilelile likachukua dakika 50. Nikarudisha mipangilio ya kiwandani jioni hiyohiyo, na i7-8700K bado imo kwenye droo ya ofisi yangu, kwa yeyote mwenye mazabodi ya Z370.