Asilimia Mia Moja ya Nini?

Anayelipia masomo kwa njia ya mtandao huonyeshwa mstari unaojaa rangi kadiri mwanafunzi anavyosonga mbele, na kando yake tarakimu: asilimia 40, 75, hatimaye 100. Wazazi wengi huichukua tarakimu hiyo kuwa kipimo cha elimu iliyopatikana. Tunashauri ichunguzwe kwanza.

Tuchukue mfano wa Moodle, mfumo unaotumiwa na vyuo na shule katika nchi nyingi. Humo, mwalimu ndiye anayeweka sharti la kuhesabu kwamba sehemu ya somo imekamilika. Anaweza kutaka mwanafunzi afungue ukurasa tu, awasilishe zoezi, apate alama katika jaribio, au ajiwekee mwenyewe tiki kwamba amemaliza. Masharti haya hayana uzito sawa, ilhali yote huujaza mstari uleule. Kwa hiyo mtoto aliyefungua kurasa 20 bila kusoma hata moja aweza kuonekana amehitimu, na mwenzake anayerudia jaribio gumu akaonekana amebaki nyuma.

Kumbukumbu za kuingia nazo zina mipaka. Huonyesha saa ambayo mwanafunzi alifungua somo, lakini haziwezi kuthibitisha kwamba alikuwa akisoma. Taarifa yenye manufaa zaidi ni daftari la alama, hasa likiambatana na maelezo ya mwalimu kuhusu makosa yaliyofanyika.

Kabla ya kulipa ada, mwombe mtoa huduma akujibu kwa maandishi:

1. Ni sharti gani hukamilisha kila somo?
2. Nani husahihisha mazoezi, mwalimu au programu?
3. Je, cheti hutolewa kwa kumaliza kurasa au kwa kufaulu mtihani?
4. Je, mzazi anaweza kuona majibu ya mtoto, au asilimia pekee?
5. Mwanafunzi akiacha masomo, kumbukumbu zake huhifadhiwa kwa muda gani, na nani huziona?

Swali la mwisho lisidharauliwe. Alama, makosa na saa za kusoma za mtoto ni taarifa binafsi. Nchini Tanzania zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mhusika ana haki ya kujua taarifa zake zinakusanywa kwa kusudi gani, na ya kuomba zilizo na makosa zirekebishwe. Malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Hata hivyo, kipimo kilicho karibu zaidi hakihitaji mtandao. Kila mwisho wa juma, mwombe mwanafunzi afunge kifaa, kisha akueleze kwa maneno yake alichojifunza, au akokotoe hesabu moja mbele yako. Akishindwa ilhali mstari umejaa, wasiliana na mwalimu mapema, kabla hujalipia muhula unaofuata.