Utangulizi: Anzia Kwenye Ganda

Anayesimama kwa mara ya kwanza mbele ya rafu ya mvinyo mwekundu hukutana na msururu wa majina ya kigeni, na wengi hukata tamaa papo hapo wakidhani elimu hii ina wenyewe. Haina. Karibu, tuingilie kwenye ganda la zabibu.

Chukua punje ya zabibu nyeusi uiminye. Kwa aina karibu zote, maji yake hayana wekundu wowote. Rangi imo gandani, na mvinyo huipata kwa sababu maji na maganda huachwa pamoja wakati chachu inageuza sukari kuwa kileo. Sasa tafuna lile ganda na mbegu zake: ulimi unakauka, ufizi unabana, kama uliyekula bibo. Ukakasi huo ni wa tanini, na ndio wa kwanza kuutafuta unapoonja.

Pinot Noir, zabibu ya Burgundy nchini Ufaransa, ina ganda jembamba. Mvinyo wake ni mwepesi, na ukiuinua kwenye mwanga unaona upande wa pili wa glasi. Cabernet Sauvignon ya Bordeaux, pia nchini Ufaransa, ina punje ndogo zenye ganda nene, hivyo mvinyo wake ni mzito, una ukakasi mwingi, na ulio bora hukaa chupani miaka mingi bila kuharibika. Merlot ni laini zaidi, ndiyo maana huko Bordeaux huchanganywa na Cabernet Sauvignon. Syrah, ambayo Waaustralia huiita Shiraz, mara nyingi hunukia pilipili manga, na si kwa kubahatisha: rotundoni, kemikali inayoipa pilipili manga harufu yake, imo pia katika ganda la zabibu hiyo.

Aina hizi zina nasaba, na hapo ndipo somo linaponivutia zaidi. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwa vipimo vya DNA kwamba Cabernet Sauvignon, nyeusi tii, ni mtoto wa Cabernet Franc na Sauvignon Blanc, ambayo ni zabibu nyeupe. Zabibu nyingine, Pinotage, ilizalishwa kwa makusudi: Abraham Perold aliichavusha Pinot Noir kwa Cinsaut huko Stellenbosch, Afrika Kusini, mwaka 1925.

Nasi tunayo ya kwetu, Makutupora nyekundu ya Dodoma. Kule hakuna baridi kali ya kuulaza mzabibu, hivyo mkulima huvuna mara mbili kwa mwaka. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki asiipite.

Kwa kuanza, mimina Pinot Noir na Cabernet Sauvignon kwenye glasi mbili, uonje kwa zamu. Usifuate ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu kwa joto la chumba. Ulitolewa kwa vyumba vya Ulaya. Mvinyo huo kwa kawaida unafaa kwenye nyuzi joto 16 hadi 18 za Selsiasi, kwa hiyo Dar es Salaam tanguliza chupa kwenye friji kwa muda.