Gertrude Elion: Binti Aliyefungiwa Milango

Ni wachache miongoni mwetu ambao hawajapata kumeza Septrin. Kidonge hicho ni mchanganyiko wa dawa mbili, na mojawapo, trimetoprimu, ilitoka katika maabara alimofanya kazi mkemia Gertrude Elion. Inafaa watoto wetu wamjue.

Alizaliwa New York mwaka 1918. Alipokuwa na umri wa miaka 15, babu yake kipenzi alifariki kwa saratani ya tumbo, naye akaazimia kutafuta dawa. Mwaka 1937 alihitimu kemia katika Hunter College, chuo kisichotoza ada, kwani baba yake alikuwa amefilisika.

Kisha milango ikafungwa. Hakupata msaada wa kuendelea na masomo, na maabara hazikutaka wanawake. Akafanya kazi bila mshahara. Akafundisha shule mchana na kusoma usiku, hata akapata shahada ya uzamili mwaka 1941. Aliwahi pia kupima ukali wa achari kiwandani! Vita Kuu ya Pili vilipowachukua wanaume, nafasi zikapatikana. Mwaka 1944 aliajiriwa na kampuni ya Burroughs Wellcome, chini ya George Hitchings.

Zama zile dawa nyingi zilitafutwa kwa kubahatisha. Wao waliuliza kwanza: seli hujijenga kwa nini? Kila seli inayogawanyika huhitaji malighafi ya kuundia vinasaba vyake. Elion alitengeneza malighafi bandia, inayofanana mno na ya kweli. Seli ya saratani ikiipokea, ujenzi wake hukwama, mfano wa fundi aliyeuziwa matofali mabovu.

Ndivyo ilivyopatikana merkaptopurini, iliyoidhinishwa mwaka 1953 kwa watoto wenye saratani ya damu, ambao wengi wao walikuwa wakifariki katika miezi michache. Baadhi walipata nafuu, kisha maradhi yakawarudia. Jambo hilo lilimhuzunisha, lakini hakuacha. Baadaye dawa hiyo iliunganishwa na nyingine, na leo penye matibabu kamili wengi wa watoto hao hupona. Njia ile ile ilizaa azathioprini, inayozuia mwili usiikatae figo ya kupandikizwa, na alopurinoli ya jongo.

Alipoanza masomo ya uzamivu usiku, aliambiwa aache kazi asome kutwa. Akachagua maabara. Hata hivyo, mwaka 1967 alikuwa mkuu wa idara, na mwaka 1988 alitunukiwa Nobel pamoja na Hitchings na James Black. Alifariki mwaka 1999.

Wazazi wenzangu, katika miaka yangu ya ualimu niliwaona mabinti wenye akili waliokatizwa masomo kwa sababu ombi moja lilikataliwa. Hapa ugenini nayaona yayo hayo. Binti yako akirudi na barua ya kukataliwa, usimwambie kuwa hiyo ndiyo kudura yake. Mwulize: mlango wa pili uko wapi? Subira si kukaa kitako. Ni kuendelea kubisha hodi.