Chumba Kizima Mbele ya Macho: Panorama Shirikishi katika Mafunzo ya Tiba

Mwanafunzi wa udaktari anayeingia katika chumba cha upasuaji kwa mara ya kwanza mara nyingi huona migongo ya watu. Daktari bingwa na msaidizi wake wameinama juu ya meza, muuguzi amesimama kando ya vifaa vilivyotakaswa, na mtaalamu wa usingizi yuko upande wa kichwa cha mgonjwa. Mwanafunzi huambiwa asimame karibu na ukuta na asiguse kitu. Atokapo saa mbili baadaye, huenda asiweze kueleza mtungi wa oksijeni ya akiba ulikuwa wapi, wala ni eneo gani ambalo hakupaswa kulikaribia. Si kwamba alikosa bidii. Alikosa nafasi ya kutazama.

Upungufu huo ndio unaoipa panorama shirikishi thamani katika vyuo vya tiba. Panorama ya namna hii ni picha ya mahali iliyopigwa pande zote, nyuzi 360, kisha ikaandaliwa kwa programu ya kompyuta ili mtazamaji aweze kugeuka kushoto na kulia, kutazama dari na sakafu, kusogeza karibu kitu akitakacho, na kubofya alama zinazomfungulia maelezo au kumpeleka chumba cha pili. Video humwongoza mtazamaji. Panorama humwachia yeye uamuzi wa kutazama. Katika uhuru huo ndimo zilimo faida zake, na ndimo ilimo pia hatari yake.

Wazo la kale, chombo kipya

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko kamera. Mwaka 1787 mchoraji Robert Barker, mzaliwa wa Ireland, alipata hataza ya mbinu yake ya kuchora mandhari kwa mzunguko mzima. Mwaka 1793 jengo lake la duara lilifunguliwa katika eneo la Leicester Square, London. Watazamaji walisimama katikati, wakazungukwa na mchoro, na kila mmoja akageukia upande aliotaka.

Kompyuta ilipokea wazo hilo mwaka 1995, kampuni ya Apple ilipotoa teknolojia ya QuickTime VR. Mwanzoni utayarishaji wake ulidai ujuzi wa kuandika msimbo, lakini kabla ya muongo huo kwisha zilipatikana programu zilizomwezesha mtu asiye mtaalamu wa kompyuta kuunga picha na kuweka alama za kubofya. Walimu wa tiba hawakuchelewa kuona manufaa yake. Mwaka 2000 wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Wright State, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, walichapisha maelezo ya fuvu la kidijitali walilolipa jina la Yorick, ambalo mwanafunzi angeweza kuligeuza kwenye skrini na kulitazama kutoka pande mbalimbali. Hapo mpangilio ulikuwa kinyume cha panorama: badala ya mtazamaji kugeuka ndani ya chumba, kitu kiligeuka mbele yake. Kanuni ilikuwa ileile, kwamba anayejifunza ndiye anayeamua atazame nini.

Leo kazi hiyo haihitaji gharama kubwa ya programu. Hugin, iliyojengwa juu ya zana alizoanza kuziandika Helmut Dersch wa Ujerumani, huunga picha bila malipo. Pannellum, nayo ya bure, huonyesha panorama ndani ya kivinjari cha kawaida cha intaneti.

Kamera isihame mahali pake

Ubora wa panorama huamuliwa kabla kompyuta haijawashwa. Msomaji anaweza kufanya jaribio dogo: anyooshe kidole mbele ya uso, afumbe jicho moja, kisha afumbe la pili. Kidole huonekana kuruka kulinganishwa na ukuta ulio nyuma yake, kwa kuwa kila jicho hutazama kutoka mahali tofauti kidogo. Kamera ikihama wakati wa kuzungushwa, tatizo ni hilohilo: stendi ya dripu iliyo karibu itaonekana imekatika, ingawa ukuta wa mbali umeungana vizuri. Kwa hiyo kamera hufungwa kwenye stendi ya miguu mitatu yenye kichwa maalumu, ili izunguke juu ya nukta iliyo ndani ya lenzi, pale ambapo nuru hupita, wala si juu ya tundu la skrubu lililo chini yake.

Hesabu ya picha ni rahisi. Kamera yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24, ikitumia lenzi ya milimita 24 na kusimamishwa wima, huona takribani nyuzi 53 kwa upana. Picha jirani zikipishana kwa asilimia 30, kila hatua ni nyuzi 37 hivi, na picha 10 hukamilisha mzunguko mmoja. Dari na sakafu hudai mizunguko mingine. Mwangaza na rangi hupangwa mara moja na kuachwa bila kubadilishwa; vinginevyo ukuta mmoja utakuwa na madoa ya weupe na unjano, hasa chini ya taa kali ya upasuaji.

Kazi ya programu

Programu ya kuunga hutafuta nukta zinazofanana katika picha mbili jirani, kama vile kona ya kabati au kitasa cha mlango. Kwa nukta hizo hukadiria kila picha ilielekea wapi, hurekebisha mpindo uliosababishwa na lenzi, kisha hulainisha maungio. Matokeo ni picha moja bapa ambayo upana wake ni mara mbili ya kimo chake, kama ramani ya dunia iliyotandazwa mezani. Programu ya kuonyesha huikunja tena picha hiyo kuwa tufe, na kumweka mtazamaji katikati yake.

Mwandaaji asidanganywe na wingi wa pikseli. Picha yenye upana wa pikseli 8,000 huipa kila nyuzi pikseli 22 tu. Jicho lenye uoni wa kawaida wa 6/6 hutofautisha dakika moja ya pembe, yaani sehemu ya 60 ya nyuzi; ili kulilingana, picha ingehitaji pikseli 21,600 kwa upana. Ndiyo maana maandishi madogo ya mashine ya usingizi, yanayosomeka vizuri chumbani, huweza kuwa ukungu kwenye panorama. Tiba yake ni kupiga picha ya karibu ya mashine hiyo peke yake na kuifungua kwa alama ya kubofya. Kwa wenye intaneti hafifu, picha kubwa hukatwa vipande vidogo, na kifaa cha mtazamaji hupakua vile tu anavyovitazama.

Kutazama kwa kusudi

Uhuru usio na jukumu humfanya mwanafunzi azunguke mara mbili na kufunga ukurasa. Panorama inayofundisha huuliza maswali: chanzo cha pili cha oksijeni kiko wapi? Ni meza ipi isiyokaribiwa na mtu ambaye hajavaa vazi lililotakaswa? Mgonjwa akishtuka moyo sasa hivi, kifaa cha kuushtua kitaletwa kutoka wapi?

Orodha ya Usalama wa Upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, yenye vipengele 19, hutoa mfano mzuri. Orodha hiyo ina vituo vitatu: kabla ya mgonjwa kupewa usingizi, kabla ya ngozi kupasuliwa, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Chumba kilekile kikipigwa picha mara tatu kwa mpangilio wa vituo hivyo, mwanafunzi huweza kutafuta kila kipengele mahali pake halisi kabla hajakabidhiwa mgonjwa.

Mipaka nayo ielezwe. Panorama haifundishi mkono kushika kisu, haina kina cha kweli, na mtazamaji hawezi kusogea hatua moja kuchungulia nyuma ya kabati. Mashine zikihamishwa, picha huwa imechakaa. Kwa hiyo tarehe ya kupigwa kwake iandikwe mahali pa wazi.

Hakuna nyuma ya kamera

Mpigapicha wa kawaida huchagua cha kuonyesha na huacha mengine nyuma yake. Katika panorama hakuna nyuma. Faili lililosahauliwa juu ya dawati, ubao wa ratiba wenye majina ya wagonjwa, filamu ya eksirei, lebo ya chupa ya damu, sura inayoakisiwa na kioo cha kabati: vyote vimo, na mtazamaji ana uwezo wa kuvisogeza karibu.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019; zote mbili huzihesabu taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Lakini siri ya mgonjwa ni wajibu wa daktari hata pasipokuwa na sheria hizo. Njia salama kuliko zote ni kupiga picha chumba kikiwa hakina mgonjwa, baada ya karatasi kuondolewa na skrini kuzimwa. Wafanyakazi watakaoonekana waombwe ridhaa, na stendi ya kamera isafishwe kwa dawa kabla ya kuingizwa.

Jina likigunduliwa baadaye, lifutwe kwenye picha ya asili, kisha panorama iundwe upya. Kulifunika kwa alama ya kubofya hakutoshi, kwa kuwa picha iliyo chini ya alama bado inaweza kupakuliwa. Kumwekea mtazamaji mipaka ya kugeuka nako hakufuti kitu. Upande uliofichwa ungali ndani ya faili.

Basi kabla ya picha ya kwanza kupigwa, mwandaaji asimame pale kamera itakaposimama, ageuke polepole mzunguko mmoja, na ajiulize kuhusu kila anachokiona: je, mgonjwa mwenye jina hili angekubali nilione? Mzunguko huo hauchukui hata dakika tano, na hakuna programu inayoweza kuufanya kwa niaba yake.